Kadi Zilizobaki Kwenye Mfuko wa Ipole

Mzee Deus Lugembe alistaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na nne ya kupeleka barua kutoka posta yetu ya Tabora hadi Sikonge na Ipole. Ningependa kuandika kwamba tulimuaga vizuri. Jamani, hatukumuaga vizuri.

Alianza na baiskeli, akapewa pikipiki, akamalizia na gari. Wafugaji nyuki wa Ipole walimfahamu kuliko diwani wao. Kuna mwaka alipakia asali ikavuja. Sisimizi walituandama kaunta wiki nzima, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha simu zikachukua nafasi ya barua, mapato yakashuka, mafuta ya gari yakawa ya kubembeleza. Tukaweka utaratibu: mfuko wa barua na vifurushi vya Ipole hautoki mpaka ujae. Mzee alisema dawa ya mgonjwa haiwezi kungoja barua za watu wengine. Tukamwona mbishi. Kumbe alikuwa akiupeleka hivyo hivyo kwa basi, kwa nauli yake, nasi vikaoni tukijisifu kuwa utaratibu unafanya kazi!

Mwezi wa mwisho alikuwa likizo. Tuliandika kadi za kuwaalika watu wa Ipole, tukazigonga mhuri, tukazitia kwenye mfuko. Basi, tukasahau.

Siku ya sherehe viti vyao vilikuwa vitupu. Mzee, na suti yake mpya, alitazama mlangoni kila gari lilipopita. Bi. Tufaha wa kaunta akashtuka, akakimbilia stoo, akarudi na mfuko. Haujajaa. Kadi zote zimo, na chini yake dawa za kifafa za mtoto wa Masolwa, mfugaji nyuki wa Ipole. Aibu iliyotupata! Meneja alishindwa hata kusoma hotuba.

Mzee hakugomba. Aliuchukua mfuko, akawahi basi la mchana. Pilau ikapoa. Misafara ya biashara ya zamani ilipita huko kwa miguu. Sisi wenye gari tulishindwa.

Sasa mfuko unatoka kila Jumatano, ujae usijae, kwa zamu. Jumatano iliyopita zamu ilikuwa yangu. Mtoto hajambo.

Mzee wetu, ahsante sana, na utusamehe. Upumzike kwa afya na furaha. Masolwa na wenzake wamekuwekea ndoo ya asali mpya. Niliomba nikuletee. Walinikatalia kwa adabu. Wanasema hiyo haitumwi kwa posta, uifuate mwenyewe.