Mlango wa Dereva Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, katika redio hii hakuna anayeyajua magari kunizidi mimi. Nayajua kwa mlio, nayajua kwa harufu, nayajua hata kwa hasira za dereva. Kuendesha tu ndiko sijui. Nilijaribu siku moja. Gari likarudi nyuma, likaingia moja kwa moja kwenye banda la kuku la mama mkwe wangu, na mpaka anafariki alikuwa bado anawataja wale kuku mmoja mmoja.

Kwa hiyo tumkumbuke mtu aliyeyajua magari kweli. Jina lake la kazini lilikuwa Bati. Alikuwa fundi wa kuchomelea, umri miaka hamsini na miwili, mume wa mke mmoja, mtoto pekee wa mama yake, ambaye bado yuko hai. Kazi ya Bati ilikuwa kugeuza gari la kawaida kuwa gari lisilopenya risasi. Narudia, maana mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka. Gari la kawaida linaingia karakana. Linatoka haliingii risasi.

Mimi nilimjua kwa sababu ya geti. Nilimwomba anichomelee geti dogo la uani, la kuzuia mbuzi. Akaniletea kitu kizito kama ukuta. Nikamwuliza, mwanangu, hili la nini? Akasema, "Bibi, nimekuwekea la rais." Mbuzi hawaingii tena, kweli. Mimi pia sitoki mpaka nimwite jirani aje asukume.

Nilikwenda kuiona ile karakana. Banda refu la mabati, sakafu nyeusi kwa mafuta, cheche zinaruka, na redio imefungwa kwa waya kwenye nguzo. Ndiyo, wakisikiliza kituo hiki, msinibishie. Gari likifika, wanalivua kama kuku anayenyonyolewa. Viti vinatoka, zulia linatoka, dashibodi inatoka. Bati anapima kila pembe kwa vipande vya boksi, kama fundi cherehani anavyopima gauni, kisha anakata chuma kwa kufuata boksi. Kioo cha kawaida kinaondolewa, kinawekwa kinene kama matofali mawili ya sabuni. Mlango unakuwa mzito hadi bawaba za zamani haziuwezi. Zinatupwa, zinafungwa nyingine. Springi na breki vivyo hivyo.

Na Bati alikuwa na utaratibu wake. Alianza na mlango wa dereva. Siku zote. Wenye magari walikuwa wakinung'unika, maana wao hukaa nyuma. Yeye anawaambia, "Mlango wa dereva kwanza. Bosi atasubiri."

Mama yake alinieleza sababu. Baba yake Bati alikuwa dereva wa mtu mkubwa. Risasi ilimtafuta mtu mkubwa, ikampata dereva. "Mtu mkubwa alikuja msibani na shati halina hata doa," mama alisema. Bati alikuwa na miaka tisa.

Utaratibu wake wa pili ndio uliomuua, kwa hiyo nitausema polepole. Gari likikaribia kwisha, Bati alikuwa akiingia ndani peke yake, jua likiwa kali. Milango inafungwa. Vioo vinafunikwa mablanketi kwa nje. Anakaa gizani na chaki yake, anatafuta mwanga. Pakipenya mwanga, hata wa tundu la sindano, anapaweka alama ya chaki. Akisema kwamba panapoingia mwanga pana njia, na chuma hakijafika.

Mke wake anasema tabia ile aliileta mpaka nyumbani. Anafunga mapazia mchana, anachutama sebuleni kuangalia chini ya mlango. "Nilimwambia, baba, hapa nani atatupiga risasi? Labda mama yako na mdomo wake." Mama alikuwa amekaa pale pale. Akasema mdomo wake haujawahi kumkosa mtu.

Sasa, gari likiwa katika hatua ile, vishikio vya kufungulia milango kwa ndani havijafungwa bado. Hiyo ni kazi ya mwisho, kazi ya fundi wa viti. Na betri haimo, kwa hiyo milango mingine ikishafungwa haifunguki. Unabaki mlango wa dereva tu, tena kwa nje, kwa ufunguo. Ndiyo maana sheria ya karakana ilikuwa moja: haingii mtu bila mwenzake kusimama nje ameshika ufunguo. Kwa Bati, mwenzake huyo alikuwa Fundi Viti. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, na walitaniana mpaka watu wakadhani wanagombana.

Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana. Bati aliingia. Fundi Viti akafunga, akatandaza mablanketi. Mafundi wakasikia kishindo kimoja ndani ya gari, kisha kimya. Fundi Viti akatia ufunguo, akazungusha kwa nguvu zake zote. Ufunguo ukakatikia kwenye kitasa.

Wakayavuta mablanketi. Bati alikuwa kwenye kiti cha dereva, mkono kifuani. Moyo ulikuwa umemgeuka.

Wanaume saba, wasikilizaji wapendwa. Wanaume saba wenye nyundo, na rafiki yao yuko umbali wa mkono. Walipiga kioo cha mlango wake. Kioo hakikuvunjika. Kiligeuka cheupe tu, kila pigo likaongeza weupe, mpaka wakawa hawamwoni tena kupitia pale. Walileta mashine ya kukatia chuma. Diski moja ikaisha, ya pili ikaisha, ya tatu ikaisha. Kile chuma alikichagua mwenyewe, na aliwahi kukirudisha dukani mara mbili kwa kuwa hakikuwa kigumu vya kutosha. Mwishowe walikata nyuma, chini ya taa, ambapo chuma kilikuwa hakijawekwa. Fundi Viti anasema walipabahatisha tu. Dakika arobaini zilikuwa zimepita. Walimkuta amekwisha.

Nimewahi kuzungumza nanyi juu ya wafu wengi katika kipindi hiki, na huwa nina neno langu la kuwachekesha mwishoni. La leo sinalo. Nimelitafuta wiki nzima.

Kwa mama yake, kwa mke wake, kwa wenzake wote wa lile banda, poleni. Poleni sana. Na ninyi mnaonisikiliza, likipita barabarani gari la vioo vizito, msimfikirie aliyeketi nyuma tu. Mfikirieni aliyekaa gizani humo akilitafutia mwanga. Na nyumbani kwenu leo, tazameni kila mnachofunga. Je, yupo nje anayeweza kufungua?

Nawaachia maneno yao. Jumatatu nilikaa nao hapa studio, mke wa Bati na Fundi Viti. Mke ndiye aliyetaka sehemu hii isikike, na nimemwuliza mara tatu.

Nilianza kwa kumwuliza Fundi Viti kama Bati aliteseka. Akajibu kama alivyoijibu familia tangu siku ya msiba. "Hakuteseka, bibi. Kile kishindo ndicho kilikuwa mwisho wake. Tulipotoa mablanketi alikuwa ameshaondoka."

Mke wake alikuwa ameniambia kwamba maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakimpa usingizi. Nilimtazama. Alikuwa akikunja leso yake, anaikunjua, anaikunja.

"Shemeji," akasema, "nani aliwaambia mkate nyuma?"

"Bahati tu, shemeji. Bahati."

"Juzi nilikuja karakana kuchukua zana zake. Lile gari bado lipo. Kioo cha mbele kina maandishi ya chaki, makubwa. KATENI NYUMA CHINI YA TAA."

Fundi Viti alikohoa. Nilimsogezea maji, hakuyagusa.

"Niliandika mimi," akasema. "Ili wenzangu wajue pa kukata."

"Nilijaribu kuyafuta kwa leso hii," mke akasema. "Hayakufutika, shemeji. Yako kwa ndani."