Gari la Mume Wangu Halikuwa Kopo

Wapendwa, nashukuru kwa nafasi hii. Mchungaji ameniomba niseme kwa upole. Nimemwambia nitajaribu, ila sikumwahidi.

Mliomjua marehemu mume wangu mlilijua na gari lake: Javelin, gari la Kimarekani la miaka ya sabini, la kijani, lenye boneti ndefu na injini ya silinda nane. Si yale ya kwenye filamu ambayo kila mtu anayatamani. Tukienda kwenye maonyesho ya magari ya zamani, watu walilipita wakakimbilia mengine kupiga picha. Mume wangu alikuwa anacheka tu. "Waache wapite," ananiambia. "Wakijua ni gari gani, watanisumbua."

Usukani wake uko kushoto, na London tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kama nyumbani. Kwa hiyo akitaka kupita lori alikuwa haoni mbele. Mimi niliyekaa kulia ndiye niliyechungulia. "Nenda! Hapana, ngoja! Haya, sasa!" Tuliendesha hivyo miaka kumi na minane, mtu mmoja na usukani, mwingine na macho. Binti yetu alipozaliwa tulimtoa hospitali ndani ya gari hilo, akalala fofofo katikati ya mngurumo wote ule mpaka Tottenham. Siti ya nyuma ilipochanika niliishona mwenyewe kwa uzi wa buluu, maana mweusi ulikuwa umeniishia.

Kisha moyo wake ukasimama, akiwa kazini. Tukampeleka Nakuru kumzika. Nilikaa huko wiki tatu, na funguo za gereji tuliyokodi nilimwachia shemeji yangu mmoja, ambaye jina lake halitatoka mdomoni mwangu leo. Niliporudi sikupumzika. Nilitaka tu kukaa kwenye kiti changu garini. Nikafungua gereji: doa la oili sakafuni, na turubai limekunjwa vizuri pembeni.

Nikampigia simu.

"Ah, shemeji, lile kopo? Nimekuondolea. Lingekuwa gari lenye jina ningekuuliza. Lile nani analitaka?"

"Umelipeleka wapi?"

"Kwa watu wa vyuma vikuukuu. Shemeji, pumzika. Ni chuma tu."

Ndugu zangu, nawaambia, maneno hayo niliyasikia hata hapa, kwenye viti hivi. Dada mmoja alinishika bega akasema nishukuru nina uzima, gari ni chuma tu. Mwingine akaniambia nisamehe. Hakuna aliyeniuliza nimekosewa nini.

Nikaacha kuja kanisani. Nikawa nakula nimesimama. Binti yangu akinisemesha namjibu kwa kufoka. Kazini, mnajua nawatunza wazee, siku moja mzee mmoja aliniuliza leo ni siku gani. Akauliza tena. Mara ya tatu nilimpigia kelele mpaka akajikunyata kitandani, akaficha uso kwa mikono. Mzee asiye na kosa lolote! Bosi akanisimamisha kazi, na alikuwa sahihi. Nilirudi nyumbani kwa basi nikijiona mnyama.

Wiki hiyohiyo simu ikalia. Alikuwa mzee wa Kisikh kutoka Queensbury, fundi mstaafu, mzaliwa wa Nakuru. Kwenye maonyesho, yeye alikuwa anasimama kwetu, anaomba tumfungulie boneti. Hakuwa na habari za msiba.

"Mama, bwana yuko wapi? Nimepata ile kabureta ya gari lake aliyoitafuta."

Nikamwambia amefariki. Akanipa pole, kisha akauliza, "Na gari?" Nikamweleza yote, nikijua naye ataniambia ni chuma.

"Mama," akasema, "huu ni wizi."

Nilikaa chini jikoni nikalia kwa sauti. Siku zote zile nilidhani nina wazimu. Kumbe nilikuwa nimeibiwa, na nilihitaji mtu mmoja tu aseme hivyo.

Kuanzia hapo nikaamka. Binti yangu akatafuta mtandaoni mpaka akakuta picha ya siti inayouzwa. Uzi wa buluu! Ilikuwa kwenye yadi moja ya vyuma vikuukuu, ng'ambo ya Stratford. Tukaenda watatu, mimi na binti na yule fundi, nimebeba logbook, kitabu cha usajili wa gari, na risiti yenye jina la mume wangu. Mwenye yadi alipoziona rangi ikambadilika. Gari lilikuwa limesimama juu ya matofali, injini imetolewa, iko sakafuni. Lakini lilikuwepo, na mwenye yadi akakubali kulirudisha gereji kwetu na kila kipande chake.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa shemeji.

"Nilitaka kukupunguzia mzigo," akasema.

"Nani alikuambia mzigo huo unanilemea? Uliniuliza? Chagua: tuongee polisi, au uje ulirudishe kama ulivyolikuta, kwa mikono yako."

Alikuja. Jumamosi kumi na moja mfululizo alilala chini ya lile gari, akipokea amri za fundi yule, mikono myeusi. Hatukuongea zaidi ya salamu. Ya kumi na moja, injini ikaguruma mpaka majirani wakafungua madirisha. Shemeji akajifuta mikono, akaniangalia. "Nisamehe, shemeji. Nililidharau gari, nikakudharau na wewe." Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia zaidi, na sitawadanganya hapa kwamba tulikumbatiana.

Nimerudi kazini. Yule mzee niliyemfokea nilimpigia magoti nikamwomba radhi. Hakumbuki, ila mimi nakumbuka.

Namshukuru Mungu. Namshukuru fundi wangu wa Queensbury, ambaye si wa kanisa hili, na alinifaa kuliko kanisa hili. Namshukuru binti yangu aliyenivumilia.

Na ninyi, mkienda kwa mfiwa, msiguse kitu. Hata kikombe kilichopasuka, kiacheni mezani. Msimkimbize asamehe kabla hamjamuuliza kilichompata. Kaeni, mumuulize, mumsikilize mpaka amalize. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza leo, na nawashukuru kwamba leo mmenisikiliza.