Miezi Sitini ya Ni Changgui

Ndugu waombolezaji, majirani na jamaa wote, mimi ni Qiaoyun, binti pekee wa marehemu, na mama ameniomba niwasomee maisha ya baba yangu, Ni Changgui, jinsi yalivyokuwa, bila kuyapamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1969 hapa hapa kijijini, mkoani Anhui, akaishia darasa la nane, akafunga ndoa na mama, Zha Fengmei, mwaka 1993, nami nikazaliwa mwaka 1995. Mwaka 1998 walihamia Beijing, ambako baba alijifunza ufundi wa lifti, akawa anawafikisha watu majumbani kwao, ilhali yeye na mama walihamishwa vyumba vya kupanga mara tisa.

Mama hakudai makubwa, alisema tu, "Baba Qiaoyun, mimi nataka ukuta ambao nikipigilia msumari siombi ruhusa ya mtu."

Lakini sisi wa kuja haturuhusiwi kununua nyumba Beijing mpaka tuchangie bima ya jamii miezi sitini mfululizo, hivyo baba akaanza kuchangia Mei 2011, na Desemba 2015, akiwa amebakiza miezi mitano, bibi alipooza huku kijijini, naye baba akaacha kazi akaja kumuuguza. Fundi mwenzake alimwonya, baba akacheka, akamjibu, "Miezi si maziwa bwana, haichachi, nitaikuta pale pale."

Bibi alifariki Aprili 2016, na baba aliporudi mjini karani alimwambia, "Pole mzee, mfululizo umekatika, unaanza na moja." Akaanza na moja Mei hiyo, wala sikuwahi kumsikia akijutia kumuuguza mama yake, ila mimi niliumia, na bado naumia.

Oktoba 2020 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akakataa kuacha kazi, akawa anatengeneza lifti huku dawa zikiwa mfukoni, hadi alipofariki tarehe 27 Aprili 2021, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliopika tangu juzi, na mafundi wenzake, ambao ndio waliotuletea risiti ya mchango wa Aprili, tukaona kwamba mwezi wa sitini umetimia. Mama, ambaye ni mfagizi asiye na bima, alikwenda kuuliza kama anaweza kuitumia, akajibiwa kwa upole kwamba miezi ya marehemu hairithiwi.

Ulifikisha, Baba. Pumzika kwa amani.