Injini Iliyokwisha Kuombewa Dua

Tok. Kimya. Tok, tok. Usiku ule nilikuwa nimelala ubavu, Aruuke ananyonya huku amesinzia, na sauti ikaja kutoka kwenye safu ya magaraji nyuma ya jengo letu, nikajua ni ya kwetu kabla sijafungua macho, maana ukiolewa na mtu anayetengeneza injini unazijua sauti zake kama unavyojua kikohozi cha mtoto. Tilek, mume wangu, alikuwa anapasha moto lile gari lake la Kijapani, jekundu, la milango miwili, la mbio, ambalo alilinunua likiwa limekufa na majira yote ya baridi akawa analifufua: akashusha injini, akaweka ringi mpya, beringi mpya, akachongesha hedi, akasaga vali moja moja. Jumamosi tulikuwa tupande nalo mlima wa Too-Ashuu mpaka Suusamyr, bonde la malisho ng'ambo yake, yeye, mimi, mama mkwe na Aruuke, kwa sababu bibi yake Tilek hawezi tena kushuka mjini na anataka kumwona kitukuu akikatwa kamba ya miguu, ile ya kuanza kutembea. Na injini ilikuwa inagonga.

Alipoingia ndani nilimuuliza, akasema haigongi, inazoeana tu, vyuma vipya huwa hivyo. Alisema hayo akiniangalia sikio badala ya macho. Mimi nikaliwaza lile handaki la juu ya mlima, jembamba, refu, moshi umetanda, watu wanapita wamefunga vioo na kubana pumzi, na gari likizimika mle ndani ndiyo basi, mnabaki na moshi. Na mtoto. Sikulala.

Asubuhi nikaenda kazini. Kazi yangu ni kuuza maksim, ile togwa yetu chachu ya nafaka, kwenye kona ya magaraji, pipa moja, mwavuli mmoja, na pembeni kuna ubao uliowekwa juu ya matairi mawili, ndiyo kijiwe chenyewe. Wanaokaa pale ni wale wale. Kuna Mzee Karbureta, dereva wa malori mstaafu, anayeamini kila balaa la dunia limeanzia kwenye kabureta, hata talaka yake. Kuna Japani, ambaye aliwahi kwenda bandarini Vladivostok kuchukua magari na kuiona bahari inayoelekea Japani, basi anasema kama mtu aliyezaliwa kule. Na kuna Mama Trole, aliyeendesha basi la umeme la mjini mpaka waya zikashushwa, na kwake yeye chochote kinachokunywa petroli ni utapeli. Nikawamiminia, nikawaambia yote, haraka haraka, sikuvuta hata pumzi: inagonga ikipata moto, na taa ya oili inapepesa, na Jumamosi tunapanda.

Mzee Karbureta akafuta mdomo.

— Kabureta hiyo, binti yangu.

— Mzee, gari lile halina kabureta.

— Ndiyo maana linagonga.

Japani akacheka mpaka maksim ikamtoka puani. Akasema tatizo ni usukani, uko kulia, na sisi huku tunaendesha upande mwingine wa barabara, sasa oili ndani ya injini ilizoea kuinamia kushoto kwenye kona za Japani, huku kwetu inainamia kulia, inafika mahali haikupangiwa. Mama Trole akamuuliza kama na yeye damu yake iliinama alipofika Vladivostok. Japani akasema ndiyo, aliumwa kichwa wiki nzima.

— Uliumwa kichwa kwa vodka.

— Vodka ya pwani, mama. Si sawa na ya huku.

Ndipo wakapamba moto. Mzee Karbureta akaja na habari ya hewa, kwamba injini ilitengenezwa karibu na bahari, hewa nzito, sisi tuko juu, hewa nyembamba, pistoni inatafuta hewa haiioni, inagonga mlango. Japani akasema hapana, ni chumvi, injini imekaa melini muda mrefu, chumvi imeingia kwenye chuma kama inavyoingia kwenye samaki, haitoki hata ukiosha. Mama Trole akasema nyote hamjui kitu, injini ya watu wengine ikishushwa na kupandishwa inakuwa kama mwali aliyeletwa ukweni, lazima agonge vyombo mwaka wa kwanza, na akaniangalia mimi, nikacheka kidogo, kisha nikageuka kusuuza vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Hawakuona. Au waliona wakaongeza sauti.

Mimi niliwasikiliza wote kwa sababu mtu mwenye hofu husikiliza chochote. Nilikuwa nasubiri mmoja wao aseme neno moja tu, na neno hilo hakuna aliyelisema.

Akaja mwanamke mmoja mwenye mfuko wa vitunguu, si wa mtaa wetu, akaniletea chupa ya plastiki nimjazie. Alisimama akasikiliza habari ya chumvi na habari ya mwali. Chupa ilipojaa akaifunga, akauliza, taratibu tu, kama mtu anayeuliza saa:

— Kwa nini asiifungue tena?

Mzee Karbureta akaanza kuchunguza kucha zake. Japani akainama kufunga kamba ya kiatu. Mwanamke akanilipa, akachukua mfuko wake akaenda.

Jibu wote tulikuwa nalo. Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, Tilek alichinja kondoo dume. Tulikula wote, pale pale mbele ya garaji. Mzee Karbureta, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, alipewa kichwa cha kondoo, na baada ya chakula akafungua viganja, nasi tukafungua vyetu, akaomba dua, tukajipangusa nyuso. Kwetu jambo lililofungiwa dua limekwisha. Kuifungua injini ile tena ni kusema mbele ya mtaa mzima kwamba viganja vya mzee vilikuwa vitupu. Tilek angeona afadhali igonge mpaka Suusamyr na kurudi.

Nilifunga bomba la pipa. Nikakunja mwavuli.

— Nijazie kikombe hiki, binti, akasema Mzee Karbureta.

— Imekwisha, mzee.

— Pipa limejaa, nimekuona ukilijaza.

— Limejaa. Lakini imekwisha.

Nikafuta mikono kwenye aproni. Mimi ni mke kijana, nimeolewa juzi tu, hatuwasemeshi hivyo wazee, lakini maneno yakawa yanatoka yenyewe. Nikamwambia mzee, wewe ndiye uliyefungua viganja, twende ukavifungue tena, umwambie aifungue, ni wewe peke yako anayeweza kukusikia.

— Dua si supu, binti yangu, mtu aongezewe.

— Basi Jumamosi panda nasi. Nitakupisha mbele. Utampakata Aruuke wewe, kwenye handaki.

Mzee Karbureta akalitazama garaji letu. Nilijua anaiona njia ile, ameipanda miaka mingi na lori, anajua kuliko sisi wote moshi wa mle ndani unanukaje. Akaniuliza kama kuna nafasi ya kuweka miguu. Nikamwambia hakuna, ni gari la mbio. Kisha akasimama, akanyoosha koti lake.

— Nimekumbuka kitu, akasema. Dua ile niliomba ya gari. Injini sikuitaja.

— Uliitaja, akasema Japani.

— Wewe ulikuwa unang'wenya mbavu, ungesikia nini?

— Hakuitaja, akasema Mama Trole, akainuka naye. Mimi nilikuwepo na sikuwa na mfupa mdomoni.

Tukaenda wote wanne. Tilek alikuwa amefunika gari turubai kama linasubiri harusi. Alipotuona pamoja akaelewa, uso ukakaza, akanitazama mimi kwanza na mtazamo ule niliubeba, sikuangalia chini.

— Mzee, umekula kichwa cha kondoo wangu, akasema.

— Nimekila. Kilikuwa kitamu. Ifungue.

Sijui kama alikasirika au alipumua. Nadhani alipumua. Alivua saa yake, akaingia chini ya gari bila neno lingine.

Oili ikamwagwa kwenye beseni, nyeusi kuliko inavyopaswa kuwa kwa injini iliyowashwa mara chache vile. Ili sampu, lile bakuli la oili la chini ya injini, itoke, injini ilibidi inyanyuliwe kidogo, basi Mzee Karbureta na Japani wakashika mnyororo kwa juu, wakivuta na kugombana nani anavuta, na Mama Trole akiwasimamia kama abiria wasiolipa nauli. Mimi nikalala sakafuni kando ya Tilek na taa. Alitoa bolti moja moja, akaziweka kifuani kwangu nimshikie. Sampu ikashuka.

Kwanza sikuelewa ninachokiona. Kwenye chujio la pampu ya oili, lile linalonyonya kutoka chini, palikuwa na kitu kimejiviringa, kimelowa, kinene kama mkia wa panya. Tilek akakigusa kwa kidole. Akakifuta kidogo kwa kitambaa, na chini ya ule weusi wa oili kukatokea uzi mweupe, umesokotwa na mweusi, na ushanga mmoja wa kukinga kijicho, mweusi wenye madoa meupe, kama ule alio nao Aruuke mkononi.

Ndicho kilichokuwa kinaziba. Oili ikipata moto na kuwa nyepesi, pampu inavuta kwa nguvu, sufu inajibana kwenye chujio, juu kunakauka, beringi zinaanza kulia. Injini ilikuwa imenyongwa polepole.

Kamba ile nilikuwa naifahamu. Mama mkwe aliisokota majira ya baridi, ameketi na mgongo kwenye bomba la joto, sufu nyeusi na sufu nyeupe, kwa ajili ya miguu ya Aruuke. Mtoto akianza kusimama tunamfunga miguu kwa kamba hiyo, jinsi farasi anavyofungwa malishoni asitokomee, watoto wanashindana mbio, atakayewahi anaikata, na mtoto anaanza safari zake.

— Sufu ya mama, akanong'ona Tilek.

Juu yetu mnyororo ukalia, Japani akauliza kuna nini huko chini, mikono inakatika. Tilek akatoa kisu kidogo mfukoni. Akaikata ile kamba kwenye chujio, akaichomoa, akanitia kiganjani, akanifunga vidole. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio langu.

— Mama asijue kwamba nimeona.

— Sawa.

— Asijue kabisa.

Kisha akapaza sauti, mume wangu huyu, ambaye katika maisha yake hajawahi kukubali kwamba amesahau hata spana, akawaambia ni tambara, alisahau tambara ndani wakati wa kufunga.

Halafu Mzee Karbureta akaanza kucheka, Japani akafuata, mnyororo ukatikisika mpaka nikashika bolti zangu kwa hofu. Alasiri ile ile walimpa jina. Tambara. Mpaka leo ndivyo wanavyomwita, Tambara kaja, Tambara mmiminie, na watu waliotoka mitaa mingine na magari yao hutaniwa kwamba hapa injini hufungwa pamoja na nguo zake. Anaitika. Anakunywa maksim yake na anaitika.

Beringi moja ilikuwa imeanza kukwaruzika, akabadilisha. Akasafisha chujio, akaweka oili mpya, akafunga. Ijumaa jioni akaiwasha na kuiacha ingurume mpaka ikapata moto sawasawa, nami nikasimama mlangoni mwa garaji na Aruuke mgongoni, nikisubiri tok. Haikuja. Taa ya oili haikupepesa. Mzee Karbureta alisimama kando, akafungua viganja vyake, na safari hii akaitaja injini, akataja pistoni, akataja beringi, akataja pampu, na kwa tahadhari akataja na kabureta.

Niliporudi ndani mama mkwe alikuwa anafunga mizigo ya kesho. Mkate wa kukaanga, nguo za mtoto, na ile kamba. Aliishika kama anaipima, nami nikaona ilivyo fupi, itazunguka miguu ya Aruuke mara moja tu. Kipande kingine kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu bado, kimelowesha kitambaa.

— Walikuta nini, binti yangu?

— Tambara tu, mama. Tilek alilisahau.

Aliketi kitandani. Aliitazama kamba, hakunitazama mimi.

— Mwanangu hasahau vitu, akasema.

Kutoka nje injini ilikuwa inanguruma, laini, sawa sawa, na yeye aliisikiliza kidogo. Kisha akaniambia, kwa sauti ndogo sana, kwamba siku ya kufunga injini, Tilek alipokwenda kunywa chai, na lile bakuli la chini la injini liko wazi mezani, aliingia na kipande cha kamba. Alikuwa amesikia gari lile linavyokimbia. Watu wa mtaa mzima wanasema linavyokimbia.

— Nilitaka kulifunga miguu tu, akasema. Lisikimbie naye.

Nilikaa karibu naye. Nilitaka kumwambia usiku ninavyolala, ninavyohesabu pumzi za Aruuke, ninavyoliota lile handaki. Badala yake nilishika mkono wake.

— Usimwambie Tilek, akasema.

— Sitamwambia, mama. Wala mtu mwingine yeyote.