Sakafu ya Pembe ya Kusini

Mmenichagua mimi kusoma historia ya Mize kwa kuwa ni dada yake mkubwa, wala hamkuniuliza kama naweza, nami nilisoma juzuu mbili tu nikakimbia fimbo ya mwalimu, basi nikikosea tarehe mtanisahihisha mkishamaliza ubwabwa.

Marehemu Mize binti Mwinyijuma alizaliwa Mlingotini, Mfunguo Tatu, mwaka 1260 wa Hijra, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu, akaingia chuoni na miaka sita, akahitimu msahafu wote na miaka kumi na moja, jambo ambalo baba alinikumbusha kila Ijumaa mpaka akafariki.

Mwaka 1278 aliolewa na Rajabu, fundi wa kuchonga milango hapa Bagamoyo, wakajaliwa Mgeni na Zuleha, hao mnaowaona mbele, na mwaka huohuo wa harusi nikamwingiza katika kundi langu la wapiga sakafu. Kwa asiyeijua kazi yetu, fundi akishalaza boriti na kumwaga mawe na chokaa juu yake, hupanda wanawake ishirini, kila mmoja na kigongo chake, tukapiga siku tatu kwa wimbo mpaka chokaa ishikane, kigongo kilie kama juu ya jiwe, na anayeanzisha wimbo ndiye kiongozi, ndiye pia humwambia fundi aondoe nguzo za kuegemeza. Kiongozi nilikuwa mimi.

Mfunguo Tano, mwaka 1299, tulipiga sakafu ya Noorali, mwenye duka la nguo, aliyetaka kuhamia kabla ya harusi ya binti yake, nami nilikwisha kumwahidi mbele za watu kwamba siku ya tatu nyumba ni yake. Siku ya tatu Mize akaniambia, "Dada, huku pembe ya kusini bado panalia kama tope, tupige na kesho," na wenzake wawili waliokuwa naye wakasema vilevile, nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie, "Kazi yako kupiga, bibi, kusikiliza niachie mimi." Wakacheka. Pembe ile mimi sikuipiga hata kigongo kimoja, siku zote tatu nilisimama kaskazini, penye kivuli.

Nikamwambia fundi Bwanausi aondoe nguzo, Mize akashuka mbio kumzuia, pembe ile ikaanguka, sisi wengine tukiwa upande wa kaskazini, boriti ikamvunja nyonga. Watu walipokuja kumjulia hali niliwaambia kwamba nilimkataza kupita chini, akakaidi. Ulikuwa uongo. Mize alikuwa amelala nyuma ya pazia, ananisikia, wala hakunikanusha siku ile wala baadaye.

Lakini wale wa pembe ya kusini walijua, wakakataa kupanda nikianzisha mimi, wakamweka Mize awe kiongozi. Alianzisha wimbo akiwa chini, juu ya kiti, na kabla nguzo haijaguswa aliuliza mmoja mmoja, hata mkoroga chokaa, "Kwako vipi?" Nyumba kumi na moja, hakuna hata moja iliyopasuka. Mimi nilipiga katika safu kama wengine, na mimi pia aliniuliza kila mara, "Dada, kwako vipi?" nikimjibu habari ya chokaa tu.

Masika haya alishikwa na homa, nyonga nayo ikavimba, akafariki Alhamisi, tarehe 13 Rajabu, mwaka 1304, baada ya alasiri. Tunamshukuru tabibu aliyemtazama siku tisa, Champaben jirani yetu aliyemletea uji, na wapiga sakafu waliombeba alipokuwa hawezi kuinuka.

Desturi ni mfiwa kuwaomba radhi kwa niaba ya marehemu. Mize hakumkosea mtu humu, mwenye kosa ni mimi. Miaka mitano nyumba yake ilikuwa milango miwili tu kutoka kwangu, akinisubiri niseme. Pumzika, mdogo wangu. Leo nimesema mbele ya watoto wako na mji mzima, na katika wote hawa uliyekosekana ni wewe wa kuniuliza kwangu vipi.