Sinywi, na Siondoki

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka ishirini na tatu, niko Kitwe kule Zambia, nagonga milango ya watu nihubiri, baba yangu akafa Iringa. Shida yangu ilianzia hapo. Naanza hapo kwa sababu sipendi kuzunguka.

Ndugu zangu, mnanijua. Shule yangu ni darasa la nne, na mkiniona nimeshika kitabu hapa mbele mjue nasoma kwa kidole. Imani hii niliikuta Dar es Salaam nikibeba magunia Kariakoo, na kanisa likanituma nje miaka miwili. Wageni wetu wa leo, Walutheri, Wakatoliki na majirani zetu Waislamu, mnatuita Wamormoni, sawa tu. Sheria zetu mnazijua maana ndizo mnazotuchekea: pombe hatunywi, chai hatunywi, kahawa hatunywi. Nchi yote hii imepandwa chai na kahawa, halafu sisi tunakunywa maji ya moto. Chekeni, hela hamlipi.

Kwenye misheni mnatembea wawili wawili, shati jeupe, tai shingoni, na kila kijana anaitwa Mzee. Watu wa Kitwe walikuwa wanashika mbavu. "Mzee gani huyu, ndevu zake kaziacha wapi?" Mwenzangu alikuwa Mganda, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba. Mimi nilijua kusalimia na kuaga. Katikati hapo nilikuwa bubu.

Habari ya baba ilinifikia ameshazikwa. Kiongozi wetu akaniita, akasema, kijana, chagua, uende au ubaki. Nikamuuliza, nikiondoka leo nitamkuta? Akasema hapana. Nikabaki. Naona wengine mnanitazama vibaya. Nitazameni. Nilikuwa nimetoa ahadi, na baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mtu haachi shamba katikati ya palizi. Lakini nawaambia ukweli, kubaki si kupona. Nilikuwa natembea mchana kutwa na tai yangu, na ndani nimekufa.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja kule, mstaafu wa mgodi. Zamani alifanya kazi na watu wa kwetu huku, kwa hiyo alikuwa na Kiswahili cha kuokoteza. Kila tukipita yuko nje na wenzake wanakunywa pombe. Siku ya kwanza mwenzangu alisimama palepale mlangoni, akawahubiria kwamba pombe ni dhambi. Walitufukuza kama kuku walioingia kwenye mahindi. "Nendeni mkanyonye!"

Baada ya msiba ule tukapita tena. Yule mzee, kwa dhihaka tu, akaninyooshea kata ya pombe. Sijui nini kilinishika. Nikaipokea kwa mikono miwili kama tunavyopokea kwetu Uhehe, nikakaa chini, nikamwambia, "Baba, mimi sinywi. Ila nimechoka. Baba yangu amekufa na sikumzika."

Yule mzee akaichukua kata yake taratibu, akaiweka pembeni. Akauliza baba yangu alikuwa anaitwa nani, analima nini, alikuwa mkali au mpole. Nikasema alikuwa mkali, na alikuwa mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi ya kwetu. Akacheka: "Mgema! Na wewe hunywi! Alikutoa wapi?" Nikacheka, halafu nikalia. Ndugu zangu, wale watu ambao mwenzangu aliwaita walevi wakakaa na mimi mpaka jua linazama, mmoja akaleta maji, mwingine akaimba wimbo wa msiba wa kwao. Matanga ya baba yangu niliyakalia Kitwe, kwa watu nisiojua hata majina yao. Hakubatizwa hata mmoja. Na ndiyo siku niliyojifunza kazi ya misheni: unaweza kukataa kinywaji cha mtu bila kukataa kikao chake.

Kujifunza ni kitu kimoja. Kukumbuka siku ya shida ni kitu kingine.

Misheni ilipoisha nikarudi nyumbani Kihesa, Iringa. Mlangoni kwa baba nikamkuta baba mdogo, mdogo wake marehemu, ndiye ameshika ukoo. Nikamwamkia, "Kamwene, baba." Hakuitikia. Mhehe asipokuitikia kamwene, jua umeshazikwa wewe.

Akasema, "Mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Wa kaka yangu ulitupwa na mtoto wa jirani. Unataka nini hapa?"

Wazee wakakaa. Mila yetu inajulikana: aliyejitenga na ukoo anarudishwa kwa kunywa ulanzi kibuyu kimoja na wazee, wanakunywa wao, unakunywa wewe, maneno yanaisha. Wakanipa kibuyu. Na mimi, badala ya kukipokea, nikasimama na tai yangu nikawapa mahubiri! Nikafanya yaleyale ya yule Mganda mlangoni. Baba mdogo hakupiga kelele. Alisema tu, "Mtu asiyeweza kunywa na sisi hatuzikani naye." Wakanitoa.

Nikaja huku Mbeya, Mbalizi. Nikalala kwenye ghala la viazi, juu ya magunia. Nikapakia malori, nikaponda kokoto, nikaumwa kifua, sikuwa na mtu wa kunichemshia uji. Mwislamu mmoja mwenye duka ndiye aliyenipa kazi ya kudumu. Alikuwa ananitania, "Pombe hata sisi hatunywi, Mzee. Lakini chai, jamani! Chai imewakosea nini?" Akawa ananichemshia maziwa matupu kwa mkono wake. Mungu amweke.

Hapo dukani ndipo nilipomwona mke wangu huyu aliyekaa pale, Mnyakyusa, alikuwa anakuja kuuza ndizi. Tukaelewana. Nikaenda kwa baba yake kifua mbele, mimi mwenyewe, nimevaa shati langu la misheni. Yule baba akaniangalia kuanzia viatu.

"Wazee wako wako wapi?"

"Nimekuja mwenyewe, baba."

"Umeota kama uyoga? Binti yangu simpi mtu aliyeota. Lete wazee wako waje kuposa. Kama huna, usirudi. Kuna mtu wa Tukuyu ana wazee mpaka wa kugawa, anangoja mavuno tu."

Mnaona nilivyobanwa? Nisipoleta wazee, nampoteza mwanamke. Wazee hawaji mpaka ninywe kibuyu. Nikinywa, nimevunja ahadi niliyoitoa mbele za Mungu. Mwenzangu wa kupakia alinishauri, "Kunywa funda moja. Huko Iringa nani wa kanisani atakuona?" Ndugu zangu, nilifikiri sana lile funda. Njia nzima ya kwenda Iringa nilikuwa nalifikiria. Nilikuwa nimeshajiambia nitalinywa.

Nikafika Kihesa ni msimu wa mvua, ulanzi umejaa. Nikaomba kikao. Nadhani walinipa ili wanicheke. Baba mdogo akaninyooshea kibuyu. Nikakipokea kwa mikono miwili. Harufu ikanipanda puani, na ilikuwa harufu ya nguo za baba yangu. Hapo nikakumbuka Kitwe, kata ile iliyowekwa pembeni. Nikakaa chini. Nikakishika kibuyu, sikunywa, sikukirudisha.

"Kunywa au ondoka," baba mdogo akasema.

Nikasema, "Sinywi, baba. Na siondoki."

"Umeleta mahubiri yako?"

"Sikuleta neno. Nimekuja kukaa na nyie."

Wakaendelea kunywa kama sipo. Mimi nimekaa na kibuyu mapajani. Wakanitania: huyu ni mlinzi wa kibuyu, huyu anasubiri kitage mayai. Nikacheka nao. Mvua ikanyesha ikakatika. Miguu ikafa ganzi. Baba mdogo akawa ananitazama kwa pembeni, maana hakujua afanye nini na mtu ambaye hagombani wala haendi.

Mchana ukiwa umeshasogea, akaingia shangazi, dada yao mkubwa, ndiye aliyemfumba marehemu macho. Akauliza kuna nini, wakamweleza. Akatoka, akarudi na kibuyu kidogo cha ulanzi uliogemwa asubuhi ile, bado mtamu, haujachacha, ambao hata watoto wadogo wanapewa wakirudi shambani.

Baba mdogo akaguna. "Dada, huo ni wa watoto."

"Na huyu kwa kaka yangu ni nani?" shangazi akamjibu. "Si mtoto? Umri wa kuwa mzee ameupatia wapi na baba yake amekufa hajamwona akioa?"

Shangazi akanywa yeye kwanza, akanipa, nikanywa. Ni utamu mtupu, kama maji ya muwa. Akampelekea baba mdogo. Baba mdogo alikishika kile kibuyu cha watoto muda mrefu. Ndugu zangu, pale ndipo maisha yangu yalisimama yakangoja. Halafu akanywa. Akajifuta mdomo, akasema, "Mtamu mno, utaniumiza meno." Akageuka kwangu. "Hao Wanyakyusa wanataka nini?"

Hivyo ndivyo nilivyooa.

Nataka kushukuru. Namshukuru yule mzee wa Kitwe, nadhani ameshafariki, na wenzake wote. Namshukuru mwenye duka. Shangazi ametangulia, namshukuru hukohuko aliko. Na mke wangu, aliyemkataa mtu wa Tukuyu mwenye wazee wa kugawa.

Fundisho langu ni dogo kwa vijana mnaotumwa nje. Ahadi yako ishike, asikudanganye mtu kwamba funda moja si kitu. Lakini usiishike ukiwa umesimama mlangoni. Ingia ukae, wakucheke, ukae. Msidhani kila kitu kinatengenezeka. Nilimuuliza shangazi kama baba aliniulizia kabla hajakata roho. Alinitazama, akasema nile kwanza chakula. Sikuuliza tena, na mpaka leo jibu sina.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Mke mmoja. Watoto wanne, wawili wameshaoa. Nyumba ya matofali ya kuchoma Mbalizi, bati jipya. Ghala la viazi, langu mwenyewe. Mashine ya kusaga. Ng'ombe watatu wa maziwa. Kipande cha mianzi Kihesa, nagemewa ulanzi asubuhi na unaisha asubuhi hiyohiyo, haujachacha. Kaburi la baba, nimelijengea kwa mkono wangu. Na siku nikifa, wapo wa kunitupia udongo.

Kwa jina la Bwana aliyenikalisha pale. Nakaa.