Emmy Chepkemoi na Akina Mama wa Menengai

Wazee wetu, majirani, na nyinyi mliotoka mbali, mimi ni Kiptum, ndugu mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, ingawa kikao cha jana kiliamua niruke miaka tisa, na sitairuka, kwa sababu wanaohusika na miaka hiyo wamefungiwa nje ya geti hili, wamesimama juani, na marehemu aliomba wao ndio wamwimbie kaburini.

Emmy Chepkemoi alizaliwa tarehe 9 Machi 1975 hapa Gilgil, akasoma shule ya msingi papa hapa, akamaliza kidato cha nne mwaka 1993, akasomea kazi ya maabara, na kuanzia Mei 1998 akawa akipima damu katika hospitali moja mjini Nakuru, ambako walimjua kama mtu asiyekubali jambo mpaka aone mwenyewe kwenye hadubini.

Tarehe 16 Desemba 2000 aliolewa na Jonah Kibii, dereva wa lori, wakapanga nyumba mtaa wa Bondeni, hukohuko Nakuru, wakapata mtoto mmoja, Chelangat, ambaye mnamwona hapa mbele. Jonah alifariki kwa ajali karibu na Salgaa tarehe 3 Agosti 2014, na kuanzia hapo dada yangu hakulala, hakucheka, alienda kazini na kurudi kama mgeni nyumbani kwake. Wachungaji walikuja wakaomba, mimi nikamletea vitabu vyangu, wala hakuna kilichosaidia.

Mwaka 2016 jirani yake, Mama Adongo, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alimpeleka mlima Menengai, ambako akina mama wachache hupanda kila Jumamosi asubuhi, wakaketi penye nyufa zinazotoa mvuke, wakazungumza na wafu wao, wakiamini kwamba mvuke huyapeleka maneno. Mimi siamini. Ule ni moto wa ardhi na maji, basi, na nilimwambia hivyo, naye akanijibu kwamba anajua, sayansi amesoma kunishinda, lakini akitoka kule anapata usingizi. Na kweli alinenepa, akaanza tena kukitania kipara changu mbele za watu.

Februari 2023 alipatikana na saratani ya titi, na hapa nataka nieleweke vizuri, maana kuna wanaonong'ona kwamba mlima ndio uliomuua. Emmy hakukosa kliniki hata moja, alimeza kila dawa aliyoandikiwa. Lakini Juni mwaka huu kikao cha familia, chini ya baba mdogo Kipkemboi, kilimtoa Bondeni kikamleta hapa ili awe mbali na mashetani, mimi nikapinga nikashindwa, wale mama wakazuiwa kumwona, na kila jioni watu wakaja kumtaka atubu, naye katika maumivu yale akawa anauliza tu, kosa langu ni lipi? Usingizi ukamtoka tena. Mlikuja kutoa pepo mkatoa furaha, na inaniuma kusema hivyo mbele ya jeneza lake. Alifariki alfajiri ya tarehe 11 Novemba 2025, mikononi mwa Chelangat.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, wenzake wa maabara waliomchangia damu, na majirani wa Bondeni na wa hapa Gilgil kwa chakula, viti na machozi. Nakushukuru pia wewe, Mama Adongo, najua unanisikia huko barabarani kwa hiki kipaza sauti, kwa sababu ulinirudishia dada yangu kwa miaka tisa.

Sijui wafu husikia nini, nadhani hawasikii chochote, lakini Chelangat anasikia, na ameniambia hatatupa udongo kabla ya hao mama kuingia. Baba mdogo, ufunguo wa geti uko mfukoni mwako, nasi tutangoja.

Emmy, dadangu, upumzike salama.